Greatest Hits ya kwanza au ya pili? Jinsi ya kuchagua mkusanyiko wa Queen

Mtu anayetaka kuanza kuwasikiliza Queen, bendi ya roki ya Uingereza, leo hukwama kabla hajasikia wimbo hata mmoja. Mikusanyiko ya nyimbo zao bora ni mingi na majina yake yanakaribiana mno. Ipo Greatest Hits ya 1981, ipo Greatest Hits II ya 1991, ipo Greatest Hits III ya 1999. Lipo kasha la The Platinum Collection lenye zote tatu. Ipo Absolute Greatest ya 2009, na ipo albamu ya filamu ya Bohemian Rhapsody ya 2018, ambayo vijana wengi waliikuta kwanza wakadhani ndiyo mkusanyiko wenyewe. Isitoshe, Greatest Hits iliyouzwa Marekani si ile iliyouzwa Uingereza, ingawa jina ni hilohilo.

Washindani wa kweli hapo ni wawili, ya 1981 na ya 1991. Nyingine nitazipitia, lakini moyo wa jambo uko kwenye hizo mbili, na tofauti yake ni kubwa kuliko miaka kumi iliyo kati yake. Ya kwanza inakupa Freddie Mercury, mwimbaji mkuu wa bendi, akiwa mtunzi. Ya pili inakupa Freddie Mercury mwimbaji, anayebeba kwa sauti yake tungo za wenzake na zile walizotunga pamoja. Ukishajua ni yupi kati ya hao wawili unayemtaka zaidi, kazi ya kuchagua imekwisha.

Kwetu watu wa pwani hii jambo hilo lina uzito wa pekee. Mercury, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Farrokh Bulsara, alizaliwa Mji Mkongwe, Unguja, tarehe 5 Septemba 1946, katika familia ya Kiparsi. Baba yake alikuwa keshia serikalini enzi za Mwingereza. Mtoto akapelekwa shule ya bweni Panchgani, India, akarudi Zanzibar kijana, na baada ya Mapinduzi ya 1964 familia ikahamia Feltham, pembezoni mwa London. Mgeni akipita Shangani leo anaonyeshwa makumbusho yake yaliyofunguliwa 2019. Wengi wetu tunalijua jina lake na mlango ule kuliko tunavyozijua nyimbo, na mimi naona hiyo ni hasara. Aliyoyafanya mtu huyu yako kwenye nyimbo.

Ya kwanza: Greatest Hits (1981)

Ilitoka Uingereza mwishoni mwa Oktoba 1981, nyimbo 17, zote za kati ya 1974 na 1980. Picha ya jalada ilipigwa na Lord Snowdon. Hakuna albamu iliyowahi kuuzwa Uingereza kuizidi hii. Mwaka 2022 ilikuwa ya kwanza kuvuka nakala milioni 7 nchini humo, usikilizaji wa mtandaoni ukihesabiwa pamoja na mauzo. Umaarufu wa namna hiyo humfanya mtu ategemee muziki laini wa kumridhisha kila mtu. Ukiiweka masikioni unakuta kitu kingine kabisa.

Anza na kuhesabu watunzi. Kati ya nyimbo 17, kumi ni za Mercury peke yake. Tano ni za Brian May, mpiga gitaa. Mbili ni za John Deacon, mpiga besi. Roger Taylor, mpiga ngoma, hana hata moja. Kwa hiyo hii ni albamu ya Queen, naam, lakini zaidi ya nusu yake ni daftari la mtu mmoja.

Na daftari hilo halina ukurasa unaofanana na mwingine. Killer Queen ya 1974 ina madaha ya majukwaa ya zamani ya London. Seven Seas of Rhye, ya mwaka huohuo, inakimbia kwa kinanda kana kwamba kuna mtu anaifukuza. Somebody to Love ya 1976 imechukua nyimbo za injili za makanisa ya Wamarekani weusi. Mercury alimpenda sana Aretha Franklin, na hapa anampa heshima yake. Ile kwaya kubwa unayoisikia nyuma ni watu watatu tu, Mercury, May na Taylor, waliorekodi sauti zao tena na tena wakazipanga tabaka juu ya tabaka. Crazy Little Thing Called Love ya 1979 inarudi kwa Elvis; Mercury aliitunga bafuni hotelini Munich kwa dakika chache tu, na matokeo yake ni wimbo mfupi, mwepesi, usio na neno la ziada. Don't Stop Me Now inaanza taratibu kwa kinanda kisha inafyatuka na haigeuki nyuma.

Kisha kuna Bohemian Rhapsody, na hapo inabidi kusimama.

Dakika 5 na sekunde 55. Mwaka 1975 redio hazikupenda wimbo wa urefu huo, na huu hauna hata kiitikio. Unaanza na sauti tupu zilizopangwa, unaingia kwenye kinanda na maungamo ya kijana kwa mama yake, unahamia opera, unalipuka kuwa roki, kisha unazimika polepole. Kazi ya kurekodi ilianzia studio ya Rockfield, Wales. Sehemu ya opera iliwachukua watatu wale muda mrefu wa kuimba na kurudia, Taylor akizipanda zile noti za juu kabisa, kanda ikijazwa sauti, zikaunganishwa, ikajazwa tena. Katikati ya mvutano huo kwaya inaita Bismillah, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Mtoto aliyekulia Mji Mkongwe kati ya adhana za misikiti hakuhitaji kulitafuta neno hilo mbali. Wimbo ulikaa kileleni Uingereza wiki tisa. Usiusikilize kwa spika ya simu. Tafuta visikizi vya masikioni, kwa sababu sauti zinapita kutoka sikio la kushoto kwenda la kulia na nusu ya utamu iko huko.

Mpangilio wa albamu nao ni kazi ya akili. Bohemian Rhapsody ndiyo ya kwanza, na mara tu inapozimika inaingia besi ya Deacon katika Another One Bites the Dust: kavu, nyembamba, ya kudansi. Deacon alikuwa akiwasikiliza Chic, bendi ya disko ya Marekani, na inasikika. Kutoka opera hadi disko bila kupumua. Ndani ya dakika kumi umeshaelewa kwamba bendi hii haikubali kuwekwa kwenye boksi moja. Mwishoni kabisa wamewekwa mapacha wawili wa 1977, We Will Rock You na We Are the Champions, zilizokuwa pamoja tangu albamu ya News of the World. We Will Rock You karibu yote ni miguu, makofi na sauti. Watu walikanyaga mbao studio, wakarekodiwa mara nyingi, na May, aliyesomea fizikia, akapanga ucheleweshaji wa sauti ili isikike kama umati mkubwa. Hakuna ngoma wala besi. Gitaa linaingia mwishoni tu. Kila uwanja wa mpira duniani umeupiga wimbo huu, na bado ukiusikiliza kwa makini unashangaa ni mtupu kiasi gani.

Jambo jingine la kuchagulia ni sauti ya vyombo. Katika miaka ya 1970 Queen waliandika kwenye majalada yao, kwa fahari, kwamba hakuna sintesaiza, kinanda cha umeme kinachotengeneza sauti, ndani. Walianza kuitumia kwenye albamu ya The Game ya 1980. Kwa hiyo karibu albamu hii yote ni gitaa, kinanda, besi, ngoma na makoo. Gitaa la May ni lile alilolitengeneza ujanani pamoja na baba yake, kwa mbao za mahali pa kuotea moto, na sauti yake haifanani na gitaa lingine lolote. Anayependa muziki ambao kila kitu ndani yake kimepigwa na mkono wa mtu ataipenda hii kuliko ya pili.

Kasoro zipo. Flash, wimbo wa filamu ya Flash Gordon, umejaa maneno ya waigizaji na haustahili kukaa safu moja na Save Me. Fat Bottomed Girls imefupishwa kama ilivyotoka kwenye singo, yaani santuri ya wimbo mmoja. Keep Yourself Alive, singo yao ya kwanza, haimo. Na upande wao mzito, ule wa Tie Your Mother Down, haupo kabisa isipokuwa unaponusa kidogo kwenye Now I'm Here. Mwenye kupenda gitaa zito atabaki na kiu.

Ya pili: Greatest Hits II (1991)

Ilitoka tarehe 28 Oktoba 1991. Tarehe 24 Novemba Mercury alifariki, akiwa na miaka 45, siku moja baada ya kutangaza kwamba ana Ukimwi. Waliokuwa wameinunua mwezi huo walikuwa nayo nyumbani tayari habari ilipofika, na wimbo wa kabla ya mwisho ndani yake ni The Show Must Go On. Sijui albamu nyingine ya mkusanyiko ambayo maana yake iligeuka namna hiyo ndani ya wiki nne.

Nyimbo ni 17 tena, za kuanzia 1981 hadi 1991. Hesabu watunzi uone. Mercury peke yake ana mmoja tu, It's a Hard Life. Friends Will Be Friends alitunga na Deacon. Taylor, aliyekosekana kwenye ya kwanza, sasa ana mbili kubwa mno: Radio Ga Ga na A Kind of Magic. Deacon ana I Want to Break Free. May ana Who Wants to Live Forever na Hammer to Fall. Under Pressure ni ya wanne pamoja na David Bowie. Zilizobaki ni za bendi nzima, nyingi kwa sababu kuanzia albamu ya The Miracle ya 1989 walikubaliana kila wimbo ubebe majina ya wote wanne, bila kujali nani alianza.

Watu wengine husoma hesabu hiyo wakasema Mercury alikuwa ameishiwa. Mimi nasikia kinyume chake. Mtu aliyekuwa na tungo kumi kati ya 17 amewaachia wenzake nafasi, na wenzake wamempa nyimbo zilizokatwa kwa kipimo cha sauti yake. Na sauti hiyo imebadilika. Katika ya kwanza ni nyepesi, ina mzaha, inaruka toka tabia moja hadi nyingine. Katika ya pili imekuwa pana na nzito, ina mkwaruzo pale inapotaka, na ikipanda inapanda na kifua kizima.

Sikiliza Who Wants to Live Forever, iliyotungwa kwa ajili ya filamu ya Highlander ya 1986. Ubeti wa kwanza anauimba May mwenyewe, kwa sauti ndogo, ya mtu wa kawaida. Kisha Mercury anaupokea. Orkestra iko nyuma yao, lakini badiliko lote la wimbo liko kwenye kile kitendo cha kupokezana. Hakuna mahali pengine katika mikusanyiko yote ambapo unaweza kupima kwa sikio lako mwenyewe sauti yake ilikuwa na nini ambacho sauti nyingine nzuri haikuwa nacho.

It's a Hard Life inafunguka kwa melodia iliyochukuliwa kutoka opera ya Pagliacci, kisha inageuka wimbo wa mapenzi wa kinanda. Innuendo, iliyofika namba moja Uingereza mwanzoni mwa 1991, inapita dakika sita na katikati yake linaingia gitaa la Kihispania lililopigwa na Steve Howe wa bendi ya Yes. Ni ndugu wa kweli wa Bohemian Rhapsody, mzee zaidi, mwenye huzuni zaidi, na nafikiri anapaswa kujulikana kuliko anavyojulikana. Na The Show Must Go On: sehemu kubwa aliianzisha May, akijua mwenzake anaumwa, akijua maneno yake yanamhusu nani. Mercury aliiimba akiwa mgonjwa sana. Hakuna dalili ya udhaifu humo. Zile noti za juu kuelekea mwisho hazikopeshwi na mashine yoyote.

Kwa nini basi nisiseme moja kwa moja chukua ya pili? Kwa sababu ya vyombo. Miaka ya 1980 imeiachia alama: sintesaiza, mashine za ngoma, mwangwi mwingi. Radio Ga Ga imejengwa juu ya mashine tangu mwanzo, na imefanikiwa. Ile solo ya I Want to Break Free ambayo wengi hudhani ni gitaa imepigwa kwa sintesaiza na Fred Mandel. Lakini The Invisible Man imechakaa, Friends Will Be Friends ni ya kawaida sana, na baadhi ya nyimbo ziko katika matoleo mafupi ya singo, kama Hammer to Fall. Aliyelelewa kwenye muziki wa sasa hatasumbuka. Aliyelelewa kwenye dansi la bendi, lenye magitaa yanayojibizana na besi iliyo hai, atahisi baridi kidogo.

Kuna pia kilichokosekana. These Are the Days of Our Lives, wimbo wa Taylor ambao video yake ndiyo ya mwisho Mercury kuonekana mbele ya kamera, haumo, kwani Uingereza ulitoka kama singo Desemba 1991, ukiwa pamoja na Bohemian Rhapsody. Singo hiyo ilikaa namba moja wiki tano na mapato yake yalikwenda kwa shirika la Terrence Higgins Trust linalosaidia watu wenye Ukimwi. Kuukosa ni pengo la kweli kwenye albamu hii.

Na jambo moja ambalo Mwafrika hapaswi kulifichwa: kipindi hikihiki, mwaka 1984, Queen walikwenda kupiga Sun City, Afrika Kusini, wakati dunia imesusia utawala wa makaburu. Walilaumiwa kwao na chama cha wanamuziki kikawatoza faini. Mwaka uliofuata, 13 Julai 1985, walisimama Wembley kwenye Live Aid kuchangia waliokumbwa na njaa Ethiopia, na yale maonyesho ya dakika kama ishirini ndiyo watu wanayoyakumbuka. Yote mawili ni historia yao.

Bega kwa bega

Ukiziweka pamoja kwa aina ya wimbo, picha inakuwa wazi zaidi.

Kwa wimbo wa kushirikisha umati, ya kwanza ina We Will Rock You na We Are the Champions. Ya pili ina Radio Ga Ga na yale makofi mawili ya mikono juu. Hapa ya kwanza inashinda. Kwa besi ya Deacon, ya kwanza ina Another One Bites the Dust, ya pili ina Under Pressure. Siwezi kuchagua, na sidhani kuna haja. Kwa gitaa, Now I'm Here dhidi ya Hammer to Fall, I Want It All na Headlong: ya pili, bila shaka, na hili huwashangaza wanaodhani Queen wa miaka ya 1980 walikuwa wa vinanda tu. Kwa ucheshi, ya kwanza, maana Bicycle Race na Good Old-Fashioned Lover Boy zina uchangamfu ambao baadaye ulipungua. I'm Going Slightly Mad inacheka, ila kicheko chake kina kivuli. Kwa wimbo wa kukutoa machozi, ya kwanza ina Save Me na Somebody to Love. Ya pili ina Who Wants to Live Forever na The Show Must Go On. Ya pili.

Kama umetokea kwenye filamu na unachotaka ni zile nyimbo za Live Aid, jua kwamba walipiga sita: Bohemian Rhapsody kwa sehemu, Radio Ga Ga, Hammer to Fall, Crazy Little Thing Called Love, We Will Rock You na We Are the Champions. Nne ziko kwenye ya kwanza na mbili kwenye ya pili. Albamu ya filamu inakupa sehemu ya rekodi zenyewe za siku ile pale Wembley, pamoja na yale maitikiano ya Mercury na umati, na kwa hilo peke yake inafaa kuwa nayo. Lakini kama albamu ya kuanzia inayumba, kwa kuwa imechanganya rekodi za studio, za jukwaani na zilizotengenezwa upya kufuata picha.

Mikusanyiko mingine

Greatest Hits III sikushauri uinunue peke yake. Jina limeandikwa Queen+ kwa sababu ni mchanganyiko wa mambo mengi: Elton John akiimba nao The Show Must Go On Paris mwaka 1997, George Michael akiimba Somebody to Love kwenye tamasha la kumkumbuka Mercury pale Wembley tarehe 20 Aprili 1992, Wyclef Jean juu ya Another One Bites the Dust, nyimbo za Mercury na za May nje ya bendi. George Michael siku ile aliimba vizuri kuliko mtu yeyote aliyejaribu kuvaa viatu hivyo. Barcelona, ambayo Mercury aliimba na Montserrat Caballé, mwimbaji wa opera wa Kihispania, inatakiwa isikilizwe na kila anayempenda. These Are the Days of Our Lives imo, Heaven for Everyone na Too Much Love Will Kill You zimo. Nyingi zilizobaki ni za mashabiki waliokwisha kuwa na kila kitu.

The Platinum Collection, iliyotoka 2000, ni zote tatu kwenye kasha moja, nyimbo 51. Ukilikuta kwa bei inayokaribia ya albamu mbili, lichukue bila kusita, na hiyo ya tatu iwe nyongeza.

Absolute Greatest ya 2009 ina nyimbo 20 zilizochaguliwa kutoka miaka yote. Inaanza na We Will Rock You na inafunga kwa Bohemian Rhapsody. These Are the Days of Our Lives imo. Kwa safari ya gari, kwa sherehe, kwa mtu anayetaka albamu moja na habari iishe, hii ni nzuri kweli. Bei yake ni kwamba imerusha miaka huku na huku: Radio Ga Ga ya 1984 inatangulia Another One Bites the Dust ya 1980, A Kind of Magic inakuja kabla ya Killer Queen. Masikio hayapati nafasi ya kusikia bendi ikikua. Na zimeachwa Bicycle Race, Save Me, Now I'm Here, Innuendo, Hammer to Fall na It's a Hard Life. Kumwacha nje Innuendo siwezi kukubaliana nako.

Tahadhari ya toleo la Marekani

Hili ni muhimu kwa anayenunua CD au santuri ya mtumba, au anayeletewa na ndugu aliyeko Marekani. Greatest Hits ya Marekani ya 1981, iliyotolewa na kampuni ya Elektra, ina nyimbo 14. Ndani yake kuna Under Pressure na Keep Yourself Alive, ambazo toleo la Uingereza halina, lakini hakuna Don't Stop Me Now, Save Me, Now I'm Here, Seven Seas of Rhye wala Good Old-Fashioned Lover Boy.

Mwaka 1992 kampuni ya Hollywood Records ikatoa nyingine tena kwa jina hilohilo, jalada jekundu, nyimbo 17, na humo Bohemian Rhapsody haimo kabisa. Iliwekwa kwenye mkusanyiko mwingine wa mwaka huohuo, Classic Queen, pamoja na Under Pressure. Mtu anaweza kununua albamu iliyoandikwa nyimbo bora za Queen, akafika nyumbani, akautafuta wimbo wao mkubwa kuliko yote asiuone. Kwa hiyo geuza jalada usome orodha kabla ya kulipa. Ikiwa wimbo wa kwanza ni Bohemian Rhapsody na wa mwisho ni We Are the Champions, na idadi ni 17, hiyo ndiyo ninayoizungumzia hapa.

Kwa sauti safi zaidi, tafuta matoleo ya 2011 ya albamu zote mbili, yaliyosafishwa upya na Bob Ludwig bendi ilipohamia kampuni ya Island. Kwenye programu za muziki mara nyingi ndiyo utakayoikuta, na mwaka wa usafishaji huandikwa pembeni ya jina la wimbo.

Uamuzi

Hujawahi kuwasikiliza kabisa: Greatest Hits ya 1981, toleo la Uingereza, ukisikiliza kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kuruka, hata Flash. Unamtaka kijana wa Shangani akiwa mtunzi asiyeogopa kitu, hii ndiyo.

Unazijua tayari zile kubwa kwa kuzisikia redioni, viwanjani na kwenye filamu: ruka uende Greatest Hits II. Humo ndimo utakapokuta usivyovijua, na ukiniuliza mimi binafsi ni ipi ningebaki nayo kama ningeruhusiwa moja, ningebaki na hii, kwa ajili ya It's a Hard Life, Innuendo na ule ubeti wa pili wa Who Wants to Live Forever. Isikilize usiku nyumba ikiwa kimya. Kisha utafute These Are the Days of Our Lives peke yake uuweke mwishoni, mahali ambapo ungekaa kama kalenda ingeruhusu.

Una watoto au gari lenye safari ndefu: Absolute Greatest.

Ukimaliza mkusanyiko, usiishie hapo. Aliyevutwa na ya kwanza aende kwenye A Night at the Opera ya 1975, ambako Bohemian Rhapsody inakaa kati ya nyimbo ilizozaliwa nazo, Love of My Life ikiwa mojawapo. Aliyevutwa na ya pili aende moja kwa moja kwenye albamu ya Innuendo ya 1991.